Kanisa Lililoapa Kuukataa Ubaguzi: Ya Kufanya na ya Kutofanya Buluo

Kanisa likisimama siku ya Bwana na kutamka mbele ya watu kwamba halitambagua mtu, limejifunga. Maagizo haya ni ya waliojifunga, si ya wanaotafuta maneno mazuri ya kubandika ukutani. Ni ya makanisa ya Buluo na ya Likasi nzima, Wakatoliki, Wamethodisti, Wakimbangu na watu wa uamsho, kwa sababu mwaka 1992 hakuna aliyeulizwa dhehebu lake kabla ya kufukuzwa nyumbani kwake. Aliulizwa kwao ni wapi.

Msianze na ubaguzi wa mbali.

Mhubiri akipewa somo hili hukimbilia Alabama au Soweto. Waumini wanaitika amina kwa raha zao, kisha kila mtu anarudi kwake kula bukari bila kuguswa popote. Anzeni na stesheni ya Likasi. Agosti 1992, Mkutano Mkuu wa Taifa kule Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz Karl-i-Bond, mtu wa Katanga, mkoa ambao wakati ule uliitwa Shaba. Gavana wa mkoa, Gabriel Kyungu wa Kumwanza, alikuwa akihutubia mikutano ya hadhara na kuwaita Wakasai "bilulu", wadudu, na vijana wa UFERI, chama chake na cha Nguz, waliuelewa ujumbe bila kufafanuliwa. Likasi ikachafuka mwaka uleule. Mwaka 1993 ikafuata Kolwezi.

Makumi ya maelfu ya watu walitolewa majumbani mwao. Wengi walizaliwa hapahapa. Baba na babu zao waliletwa na kampuni ya madini ya Union Minière kufanya kazi Panda na Shituru, hasa baada ya reli kufika Port-Francqui, Ilebo ya leo, mwaka 1928. Watoto na wajukuu wa wafanyakazi wale walikaa stesheni, madarasani na popote penye paa, miezi na miezi, wakingoja mabehewa ya kuwapeleka Mwene-Ditu na Kananga, miji ambayo baadhi yao hawakuwahi hata kuiona. Wapo waliokufa wakingoja treni. Wapo waliofia ndani yake, njiani, na kuzikwa kando ya reli na watu wasiojua jina la kijiji cha karibu.

Waliofukuza walikuwa Wakristo, na waliofukuzwa walikuwa Wakristo. Wengine walikuwa wamepokea meza ya Bwana pamoja wiki chache tu nyuma. Hilo lisemwe madhabahuni, kwa jina la mahali na kwa mwaka wake, walau mara moja kila mwaka, na wanaosomea uchungaji kule Mulungwishi walisome kama wanavyosoma safari za Paulo. Msiseme "matukio ya kusikitisha". Msiseme "kile kipindi kigumu". Semeni: tuliwafukuza.

Msijifiche nyuma ya neno ukabila.

Kila ukigusa jambo hili Likasi, yupo mzee wa kanisa atakayesema kwamba ubaguzi wa rangi ni kitu cha Wazungu, sisi tuna ukabila kidogo tu, na ukabila ni mambo ya siasa. Mjibuni kwa historia ya mji wake. Mji huu hadi mwaka 1966 uliitwa Jadotville, kwa heshima ya mhandisi Mbelgiji Jean Jadot. Mzungu alikuwa na mji wake, hospitali yake na shule yake. Mweusi alikuwa na kambi ya kampuni, posho yake na kapita wake. Kampuni nayo iliwapanga watu wake kwa asili: huyu wa Kasai, huyu wa Ruanda-Urundi, huyu wa Rodesia, huyu mwenyeji, huyu anafaa ukarani, yule anafaa koleo. Kwa miaka mingi watu walifundishwa kwamba binadamu ni aina, na kila aina ina mahali pake. Mbelgiji alipoondoka, mpango ule tuliuacha kama ulivyo. Tulichobadilisha ni nani anaambiwa atoke.

Na haikuwa lazima iwe hivyo. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai mshahara, mgomo uliotikisa Elisabethville na hapa kwetu pia. Tarehe 9 Desemba askari waliwamiminia risasi wagomaji waliokusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Elisabethville. Kati ya waliouawa alikuwamo msemaji wao, karani Léonard Mpoyi, jina la Kikasai ambalo mwaka 1992 lingetosha kumfukuzisha mtu Likasi. Umati ule ulisimama naye bila kumwuliza kwao.

Msitegemee shule ya misheni iwafanyie kazi hii.

Moïse Tshombe alisoma shule za Wamethodisti. Jason Sendwe alisoma shule za Wamethodisti. Uchaguzi wa manispaa wa mwaka 1957 kule Elisabethville ulipowapa umeya wa weusi watu waliotoka nje ya Katanga, wengi wao Wakasai, hasira ile ilizaa CONAKAT mwaka 1958, chama alichokuja kukiongoza Tshombe. Sendwe akaenda njia yake na chama cha BALUBAKAT. Baada ya Katanga ya Tshombe kujitenga Julai 1960, vijiji vya Waluba wa kaskazini viliteketezwa, na mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Waluba walijazana katika kambi ya Umoja wa Mataifa pale Elisabethville. Viongozi hawa walijua katekisimu na nyimbo za tenzi kwa moyo. Kwa hiyo mchungaji asiniambie kwamba vijana wake "wanafundishwa upendo Shule ya Jumapili". Wanafundishwa nini hasa, juma gani, na nani?

Msimpe nafasi ndugu dhaifu.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo viapo vingi hufia. Mwaka 1857 sinodi ya Kanisa la Kiholanzi la Matengenezo kule Rasi ya Afrika Kusini ilikaa kuamua kama weusi na weupe washiriki meza moja. Sinodi ilikiri kwamba kwa Maandiko ilikuwa haki na vyema kuwa pamoja. Halafu ikaongeza kwamba, kwa udhaifu wa baadhi ya waumini, wale wanaoudhika wanaweza kupewa ibada yao peke yao. Ilikuwa huruma ndogo tu, ya muda. Mwaka 1881 tayari kulikuwa na kanisa zima la kimisheni la machotara, lililotengwa na mama yake. Mwaka 1948 serikali ikaingia madarakani na apartheid, na wanatheolojia walikuwapo wa kuibariki. Ilichukua hadi 1982 kwa kanisa lilelile la machotara kuandika Ungamo la Belhar, na hadi 1986 kulipitisha rasmi. Mwaka huohuo wa 1982 Muungano wa Makanisa ya Matengenezo Duniani, ukikutana Ottawa, ulitangaza kwamba kuitetea apartheid kwa Maandiko ni uzushi.

Hesabuni wenyewe kutoka 1857 hadi 1986. Hayo yote yalianza kwa kumwonea haya muumini asiyetaka kikombe kipite kwa mwenzake kwanza.

Kwa hiyo, mama akija kusema kwamba yeye hana ubaya na mtu ila "asingependa" kupangiwa kikundi cha maombi nyumbani kwa Wakasai, asipangiwe kwingine. Mzee akiomba shirika la mtaa ligawanywe "ili kila mtu asali kwa lugha yake", aulizwe mara mbili ni lugha au ni watu. Nyimbo za Kiluba, za Kisanga, za Kibemba na za Kilunda ziimbwe zote, na watu wote. Matangazo na maamuzi yatolewe kwa Kiswahili cha hapa, ambacho hakina mwenyewe. Na asichekwe aliyeshuka juzi kwenye treni na bado anachanganya Kiswahili na Kiluba. Katika Waamuzi sura ya 12 watu waliuawa kwenye vivuko vya Yordani kwa kushindwa kutamka herufi moja. Maelfu arobaini na mawili. Mkasome.

Fanyeni kiapo kipimwe kwa yule ambaye sasa hivi ni halali kumchukia.

Kumtetea Mkasai leo ni rahisi kuliko mwaka 1992. Mtu wake ni rais. Kipimo cha leo ni wengine. Agosti 1998, vita vilipoanza mashariki, Yerodia Abdoulaye Ndombasi, aliyekuwa karibu sana na Rais Laurent-Désiré Kabila, aliwaita Watutsi wadudu waharibifu wa kuangamizwa, hadharani. Ubelgiji ikatoa hati ya kumkamata mwaka 2000, kesi ikafika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ambayo mwaka 2002 iliamua kwamba hati hiyo haikupaswa kutolewa dhidi ya waziri aliye kazini. Sheria ya kinga ni jambo moja. Jambo jingine ni kwamba mtu wa Likasi aliyesikia maneno yale hakuhitaji kufikiri sana aliwahi kuyasikia wapi.

Januari 2025 waasi wa M23 waliiteka Goma, Februari wakaingia Bukavu. Hasira ni halali. Unaweza kuipinga M23 na wanaoiunga mkono kwa nguvu zako zote, ukaomba na kufunga, ukachangia waliokimbia, na bado ukakataa mtu apigwe hapa sokoni Kikula kwa sababu ya urefu wake na pua yake. Mhubiri asiyeweza kuyasema yote mawili katika hotuba moja asipewe mimbari mpaka aweze. Na dua za kuombea mashariki ziandikwe kabla, zisomwe na mzee mwingine, kwa kuwa ni katika dua za papo kwa papo ambapo watu huomba Mungu afyeke taifa zima.

Mzaha wa kabila mimbarani: aliyeutoa ashuke. Siku hiyohiyo, kabla ya baraka.

Futeni safu ya "asili" kwenye daftari la washirika na kwenye fomu ya ubatizo. Serikali ina fomu zake.

Wapeni mfuko wanaolalamika.

Matendo ya Mitume sura ya 6 tunaisoma kwa ajili ya mashemasi na kupita haraka juu ya sababu yake. Wajane waliosema Kigiriki walikuwa wanasahauliwa katika mgao wa kila siku. Mitume hawakuunda kamati ya uchunguzi yenye nusu kwa nusu, wala hawakuhubiri juu ya subira. Walichaguliwa watu saba, na majina yote saba ni ya Kigiriki. Upande uliokuwa unanyimwa ndio uliopewa ghala. Fanyeni hivyo hivyo. Ikiwa malalamiko ni kwamba msaada wa ada ya shule unawafikia watoto wa wazee wa kanisa peke yao, funguo za kisanduku ziende kwa waliolalamika, kwa mwaka mzima, na hesabu zisomwe mbele ya wote. Nimesikia hoja kwamba "hao hawajazoea kushika fedha za kanisa". Mtu huzoea kwa kushika.

Nendeni kwenye kilio.

Hakuna mahali ambapo kanisa linaonekana lilivyo kama kwenye kilio. Akifa mzee wa upande wenye nguvu, uwanja unajaa, viti vinaazimwa mpaka kanisa la jirani, kwaya tatu zinapokezana hadi alfajiri, na mchungaji analala huko. Akifa mama wa Kasai aliyekuwa akiuza makaa kando ya barabara, wanakuja wajumbe wawili na bahasha. Watazame akina mama siku hiyo: yule anakuja na beseni la bukari kichwani na sombe kwenye sufuria, anafika langoni, anasikia wimbo wa Kiluba ndani, anasimama. Anasema "wako na watu wao", anamkabidhi mtoto beseni alipeleke, anarudi. Hakutukana mtu. Hakufanya chochote cha kushtakiwa. Na wafiwa wamemwona.

Agizo ni hili. Kila kilio cha mshirika kihudhuriwe na baraza lote la wazee, si wajumbe, na atakayekosa aseme sababu kwenye kikao. Chakula kiletwe na waletao wakae. Kwaya isiyo ya watu wa marehemu ndiyo ianze kuimba usiku. Wakati wa mazishi jina la kijiji cha marehemu litajwe kwa ukamilifu kama linavyotajwa la wengine. Wapo waliozikwa Likasi kama watu wasio na kwao.

Hapa kuna mfano wa nyumbani wa kujifunza. Katika miaka ya 1950 padri Mfransisko Placide Tempels, Mbelgiji, alianza na wachimba madini karibu na Kolwezi mwenendo uliokuja kuitwa Jamaa, ukaenea katika kambi za migodi ya Katanga. Mume na mke, Mweusi na Mzungu, padri na mfanyakazi, walikaa nyumba moja ya kambi, wakaitana baba na mama kwa Kiswahili, wakaambiana habari za maisha yao. Maaskofu baadaye waliukaza na kuubana, na Tempels mwenyewe aliondoka Congo mwaka 1962. Yalikuwamo mambo ya kubishaniwa, sikatai. Lakini katika nchi ambayo Mzungu hakuingia nyumba ya mweusi ila kwa ukaguzi, watu wale waliingiliana majumbani, na hawakusubiri sheria ibadilike kwanza.

Msiwe washenga wa kabila.

Kijana na binti wanakuja kuandikisha ndoa. Wazazi wanakataa. Mchungaji aulize sababu, mbele ya wote. Kama ni mwenendo, deni, mke mwingine aliyefichwa, asikilize. Kama ni "hatuwezi kuoa kwa wale", kanisa linasimama na vijana, linakwenda kwa wazazi mara ya pili na ya tatu kwa heshima zote, na tarehe ya ndoa haisogezwi. Mchungaji anayemwambia binti faraghani "mwanangu, tafuta wa kwenu, utapata amani" amevunja kiapo kuliko aliyetukana barabarani.

Barua za kazi ziandikwe kwa zamu, na nakala ziwekwe.

Makampuni ya madini yanapoajiri, vijana hufika kwa mchungaji kuomba pendekezo, na mchungaji huandika kwa wanaomjua mama yake. Kila mshirika anayetimiza masharti aandikiwe, kwa mfululizo wa kuomba, na daftari lifunguliwe kwa atakayetaka kuliona. Ni jambo dogo la ofisi. Mwaka 1992 ugomvi wa nani anakaa kwenye kiti cha nani huko kwenye kampuni ya madini ya Gécamines ulikuwa petroli yote iliyohitajika.

Na kwa kuwa tunasema juu ya makampuni, kuna maagizo mawili kuhusu Wachina wa makampuni hayo, na yanashikwa pamoja. La kwanza: watoto wasiwazomee barabarani, wala mhubiri asiwaigize sauti. La pili: mfanyakazi wa Kikongo akipigwa na msimamizi, au akila amechuchumaa nje wakati chumba cha kulia kipo cha wageni, kanisa liandike barua kwa kampuni na kwa mkaguzi wa kazi, lisaini, lipeleke. Kunyamaza kwa sababu kampuni ilichangia mabati si upatanisho.

Pelekeni chakula gerezani, na mwanze na asiye na ndugu.

Buluo inajulikana nchini kote kwa gereza lake, na jina hilo wengine huliandika Buluwo. Mwaka 1998 serikali ya Kabila ilimleta huku mwanasiasa Joseph Olenghankoy, na hakuwa wa kwanza kuletwa kutoka mbali ili awe mbali. Kila mtu hapa anajua mfungwa wa Congo anaishi kwa sufuria inayotoka nyumbani. Mfungwa wa Kikula mama yake atakuja Jumatano na Jumapili. Aliyeletwa kutoka Équateur, kutoka Kivu, kutoka Kasai hana wa kuja. Humo ndani asili ya mtu ni njaa au shibe. Kanisa la Buluo lisilokuwa na zamu ya gereza, lililo na mabango ya kupinga ubaguzi, linacheza. Zamu iwe kila wiki. Orodha iombwe kwa walinzi: nani hajatembelewa mwezi huu? Hao kwanza, kabla ya waumini wenu wenyewe. Msiulize kosa. Msiulize kwao, ila mkitaka kuandika barua kwa jamaa zake.

Msikae kimya kuhusu nyumba.

Hili ndilo linalonipatia maadui. Waliofukuzwa mwaka 1992 na 1993 hawakubeba nyumba zao. Nyingine ziliuzwa kwa bei ya gunia la unga, kwa haraka, mnunuzi akijua kabisa kwa nini muuzaji ana haraka. Nyingine zilikaliwa tu. Wapo waliorudi baadaye, wakapita barabara yao ya zamani wakaona mapazia ya mtu mwingine. Miongoni mwa waliomo ndani wapo washirika wa makanisa yetu, wengine wanatoa zaka vizuri.

Kanisa halina mahakama, na makaratasi mengi yamepotea. Lina hata hivyo Luka sura ya 19, ambapo Zakayo hakusubiri kushtakiwa. Alisimama akataja kiasi, mara nne. Kwa hiyo: mshirika anayejua amekaa katika nyumba aliyoipata kwa njia hiyo asishike ofisi yoyote ya kanisa mpaka awe amemtafuta mwenyewe au watoto wake na kukaa nao chini, mbele ya mashahidi. Kilichokubaliwa ni chao. Mchungaji asijipe kazi ya kuwashauri waliopoteza kwamba wasamehe na kusahau. Hiyo si nyumba yake. Na michango ya kanisa jipya isipokelewe kwa kodi ya nyumba ya aina hiyo. Najua itapunguza bajeti.

Wakumbusheni wenyeji kwamba mpaka unahama.

Mwaka 2015 Katanga iligawanywa kuwa mikoa minne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Mluba wa kaskazini aliyepiga kelele mwaka 1992 kwamba mwenye nchi ni Mkatanga aliamka siku moja akiwa mgeni Likasi, kwao kukiwa Kamina au Malemba-Nkulu. Mei 2022 Askofu Mkuu Fulgence Muteba wa Lubumbashi ilimbidi awaite Wakatanga kwenye mkutano wa umoja na upatanisho, wao kwa wao. Mtu aliyemfukuza jirani yake kwa hoja ya asili amemwachia hoja ileile mtu wa tatu, na huyo naye anaye wa kwake. Msitumie jambo hili kumcheka mtu wa kaskazini. Litumieni katika darasa la kipaimara, na ramani mbili ubaoni, ya 1992 na ya 2015, na kila mtoto aoneshe kwa kidole kijiji cha babu yake.

Amueni leo nani ana funguo.

Watu wakikimbizwa usiku hukimbilia kanisa na shule. Funguo za kanisa na za madarasa yake ziwe kwa watu watatu wasiotoka mahali pamoja na wasiokaa mtaa mmoja, na majina yao yatangazwe kila Januari pamoja na namba za simu. Atakayegongewa na familia yenye mizigo afungue. Jina ataliuliza asubuhi, kwa ajili ya mgao. Asipige simu kwa mchungaji kuomba ruhusa, wala asingoje tamko la askofu, kwa kuwa tamko huja baada ya siku kadhaa na huwa limeandikwa kwa Kifaransa. Kuwe na mapipa mawili ya maji yanayobadilishwa, unga wa siku tatu, na choo kinachofanya kazi. Mhasibu aviweke kwenye bajeti kwa mstari wao wenyewe, si chini ya "mengineyo". Na baraza likisema fedha haitoshi, lisome kwanza kwa sauti, mbele ya washirika, risiti ya vile vipaza sauti vipya.